Meli Isiyohitaji Watu

Haya, nimeandika. Kila nikiingia pale Gisimenti kutafuta brosheti yangu ya mbuzi, kabla sijavuta hata kiti, mtu ananirukia: "Vedasti, eti ulipanda meli inayojiendesha yenyewe? Eti haina hata dereva?" Nikifungua mdomo, mmoja anataka kujua kama nilimwona nyangumi, mwingine anabishana na mhudumu kama bia iletwe baridi au ya moto, na kabla sijavuka mpaka wa Rusumo mazungumzo yamehamia kwenye mpira. Nimechoka kusimulia safari nusu nusu. Someni hapa, kisha mniache nile.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Nyamirambo, mkalimani kwa kazi. Kule Kacyiru, wizara ikipata mgeni asiyeelewana na mafundi, naitwa mimi. Niliwahi kufasiri mafunzo ya jenereta mpya kwenye kiwanda kimoja cha chai, nikajifunza kusema gavana na kompresa bila kujua vitu vyenyewe vinakaa upande gani. Basi jina likatoka: Vedasti anakijua Kifaransa cha mitambo. Kampuni moja ya meli huko nje, ambayo siitaji kwa sababu bado wana simu yangu, ilikuwa na mtaalamu Mbelgiji asiyejua ila Kifaransa, na wafanyakazi wa injini wasiojua ila Kiswahili na Kiingereza cha kuombea sigara. Wakatafuta mtu wa kukaa katikati. Katika dunia nzima wakampata mtu wa milimani ambaye maji mengi kuliko yote aliyokuwa ameyaona ni ya Ziwa Muhazi.

Nilidhani nakwenda kufasiri tu. Nilijikuta kwenye mambo ya mzee mmoja wa Tanga, Bakari, ambaye kibarua chake kilikuwa karibu kuota nyasi. Lakini twende taratibu.

Kigali hadi Rusumo, kwa lori la kahawa

Mwaka ule wa tisini na mbili njia ya Uganda ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vita. Kila kitu cha nchi hii, kahawa inayotoka, chumvi inayoingia, na sasa mkalimani, kilipitia Rusumo. Nilipewa nafasi kwenye lori la kahawa la dereva mmoja aitwaye Gasana, mtu wa maneno machache na vituo vingi. Tuliondoka asubuhi kwa kishindo, honi juu, mke wangu anapunga mkono. Tukafika Kabuga, akazima injini. Kabuga! Kutoka pale mtu anaweza kurudi mjini kwa baskeli na kukuta maharage ya mchana bado hayajaiva.

"Iko shida gani?" nikamuuliza.

"Shida hakuna, muzee. Tunangoja Kazungu na lori yake. Peke yangu siendi. Barabara iko na maaskari mingi."

"Na Kazungu yuko wapi?"

"Kazungu iko nalala bado."

Tulikula brosheti za mbuzi na ndizi za kuchoma hadi nikawajua wachoma nyama wa Kabuga kwa majina na kwa majina ya watoto wao. Kazungu alifika jua likiwa utosini, amenyoa ndevu, ananukia sabuni, hana aibu hata chembe. Akatuuliza kwa nini tumechelewa.

Vizuizi vya askari vilikuwa vingi kweli. Kwenye kimoja, askari alinitazama kuanzia viatu.

"Unaenda wapi?"

"Baharini."

"Kufanya nini?"

"Kufasiri."

Akamwita mwenzake aje asikie kwa masikio yake. "Huyu anaenda kufasiri baharini. Hebu muulize, anawafasiria samaki?" Walicheka sana, lakini sanduku walilifungua hata hivyo. Ndani walikuta sweta mbili nzito alizonifumia mke wangu, kwa sababu shemeji yangu, ambaye naye hajawahi kuiona bahari, aliapa kwamba kule kuna baridi kuliko Ruhengeri. Askari akaipima moja kifuani, akaona inamkaa, akabaki nayo. Mtu ameshika bunduki kwa mkono mmoja na sweta yako kwa mwingine, utamwambia nini? Tukasonga mbele hadi mtoni, tukavuka.

Dar es Salaam, yaani kesho

Wakala wa meli alikuwa mtu wa shati jeupe na tabasamu lisilokwisha. Meli lini? "Kesho, Mungu akipenda." Kesho yake nikaenda. "Ah, mzee wangu, labda kesho hivi." Sisi watu wa Kigali tuna ufundi wetu wa kukataa bila kusema hapana, na mimi nilijiona hodari wa mchezo huo. Pale nilikutana na walimu wetu.

Nilikuwa nakula kwa mama ntilie mmoja karibu na bandari. Siku ya kwanza aliniwekea samaki wa nazi, mzima, na kichwa chake na macho yake. Nyinyi mnanijua, na mnajua tulivyolelewa kwamba samaki si chakula cha watu. Nikakaa namtazama naye ananitazama.

"Kaka, mbona humgusi?"

"Mama, ananiangalia."

"Makubwa haya! Si umesema unakwenda kuishi baharini? Samaki humtaki, sasa huko utakula nini, vyuma?"

Akaigeuza sahani ili kichwa kielekee ukutani, akasimama pale mkono kiunoni hadi nilipoonja. Alikuwa mtamu jamani. Mama yangu asiambiwe.

Mwishowe ikaja meli ndogo. Zile kubwa zenyewe haziingii pale. Zinangoja kwenye bandari za mbali na kuletewa makontena na hizi ndogo. Kuhusu safari ya kutoka Dar hadi Jibuti sina la kusimulia, kwa sababu sikuona kitu. Nililala chini nimekumbatia ndoo, nikamwahidi Mungu mambo mengi ambayo mpaka leo sijatimiza hata moja.

Jibuti

Pale ndipo nilipojua shemeji yangu ni mwongo. Jibuti ni moto wa tanuri. Sweta iliyobaki nilimpa mlinzi wa geti, akanitazama kama nimemtukana.

Mtaalamu alinipokea gatini. Bwana Gaspard: mwembamba, kaptura, soksi nyeupe zimepandishwa hadi magotini, kifua mbele. Begani alikuwa na kompyuta ya kubeba kwenye begi, na begi hilo haliachi hata akienda msalani. Nyuma yake ilisimama meli, na hapo nikaweka sanduku chini, maana sikuwa nimejua kwamba watu hutengeneza kitu kikubwa hivyo kisha wakakiweka juu ya maji. Makontena yalipangwa juu yake kama matofali.

"Injini yake ni ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu," akaniambia, "na nimeifundisha kujitunza yenyewe. Kila bomba lina kipimo, kila kipimo kina waya, na kila waya unaishia kwenye kompyuta. Maji yakizidi moto, kompyuta inajua. Pampu ikichoka, inawasha nyingine. Jenereta ikifa, inawasha ya pili. Hakuna haja ya kumwamsha mtu."

"Na watu wa injini?"

"Ndiyo sababu uko hapa."

Watu wenyewe walikuwa watatu, wanaitwa oila: wale wanaozunguka injini na kopo la mafuta na kitambaa, wanapaka, wanafuta, wanakaza, wanabeba. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wanafanya nini kila siku, ili Gaspard aone kama kompyuta yake inaweza kuifanya. Jaribio kubwa lingekuwa kwenye Bahari ya Shamu. Likifaulu, wote watatu wanashushwa Marseille na tiketi ya kurudi kwao, na nafasi zao zinafutwa. "Usiwaambie," akasema. "Waambie mashine inakuja kuwasaidia."

Yaani nimetoka Kigali, nimenyang'anywa sweta, nimetapika bahari nzima, ili nikamuulize mtu namna nzuri ya kumfukuza kazi. Nilitamani kurudi, lakini kurudi ni kwa ile meli ndogo.

Mkubwa wa wale watatu alikuwa Mzee Bakari, wa Tanga, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, taulo shingoni saa zote. Nyumba yake kule kwao ilikuwa imefika kwenye linta. Binti yake wa mwisho alikuwa bado shuleni. Kwa umri wake, akishushwa meli hii hakuna nyingine itakayomchukua, na hilo alinieleza mwenyewe, wazi, siku ya kwanza tulipokunywa chai.

Gaspard aliwapanga mbele yake, akaongea kwa kirefu. "Waambie nimewatazama wakizunguka na vitambaa vyao, na sioni hata kidogo kampuni inapata faida gani." Sasa mimi ni mtu wa Kigali. Kwetu neno kali halipelekwi hivyo hivyo kwa mwenyewe. Unaliosha kwanza, unalivisha, ndipo unalitoa nje. Nikasema, "Bwana Gaspard amefurahi kuona mnavyojituma."

Bakari akanitazama. "Mkalimani, huyo bwana amekunja uso, mishipa imemtoka shingoni, kidole kinatuchoma macho. Halafu wewe unaniambia amefurahi?"

"Kwao ndivyo wanavyofurahi."

"Hee! Na hiyo mashine yake?"

"Inakuja kuwasaidia."

"Itatusaidia kwenda nyumbani." Wenzake wakacheka, kicheko kisicho na furaha. "Ndugu yangu Mnyarwanda, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi kupaka mafuta ndiyo kazi yetu."

Bahari ya Shamu

Chini kule, kando ya injini, kuna chumba cha vioo chenye kiyoyozi, na ndani yake paneli ndefu ya taa na vitufe. Kitu chochote kikienda kombo, taa nyekundu inawaka, kengele inalia, na mashine inachapa mstari kwenye karatasi. Gaspard aliipenda karatasi ile kuliko mkewe. Alitaka kuipeleka Ulaya ikiwa safi, bila mstari hata mmoja wa kosa. Bahati mbaya kulikuwa na kengele zinazobonyezwa na watu: ya lifti, ya jokofu kubwa la nyama, ya mtu anayefanya kazi peke yake. Mpishi anaegemea kitufe, kengele inalia. Mtu anabonyeza mara mbili, inalia. "Kelele za watu," Gaspard alikuwa akisema, huku akirarua karatasi.

Mahojiano nayo yalikuwa sinema. Gaspard alikuwa amegawa kila kitu katika mafungu mawili: vya lazima na visivyo vya lazima. Mimi nauliza, Bakari anajibu, Gaspard anagonga kompyuta.

"Andika," anasema Bakari, "nafuta mafuta yaliyomwagika. Muulize mashine yake itainama saa ngapi. Andika, namshikia injinia tochi. Andika, chifu wa injini akiamka vibaya, mimi ndiye wa kugombezwa. Mashine atakuja kuigombeza nani?"

"Anasema nini?" anauliza Gaspard.

"Anasema kazi ni nyingi."

"Siyo ya lazima," anasema Gaspard, na kugonga.

Hata umeme aliugawa hivyo hivyo. Jenereta moja ikifa, kompyuta itakata papo hapo vitu visivyo vya lazima ili injini isizimike: majiko, mashine za kufulia, viyoyozi vya vyumba vya kulala, lifti. Kisha mtu akishahakikisha mambo ni shwari, atabonyeza kitufe kimoja kule chini, na vyote vitarudi.

Sasa sikilizeni habari ya bia, maana yote yalitokea hapo. Siku ya pili baharini nahodha, Mgiriki mwenye tumbo na ucheshi, alinialika kula mezani kwake pamoja na Gaspard na chifu, yaani injinia mkuu, Mpolandi anayetoa maneno kama anayanunua. Mhudumu akaniletea bia ambayo tayari imefunguliwa. Nyinyi mnanielewa. Hapa kwetu hakuna mwenye akili timamu anayekunywa chupa ambayo hakuiona ikifunguliwa. Nikaisogeza pembeni, polepole, kwa adabu. Nahodha akaona.

"Bia ya meli yangu ina nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Ikabidi nieleze: kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Na ukipika pombe ukaita wageni, wewe mwenyewe unaonja kwanza, watu wote wakikutazama. Tunaita gusogongera. Ukikunja uso, wageni wanaaga. Ukianguka, wanakimbia.

Nahodha alicheka hadi vijiko vikalia mezani. Akaagiza chupa nyingine, akaifungua kwa mkono wake, akapiga funda, akanipa. Kisha akamgeukia Gaspard. "Na wewe, Monsieur? Pombe yako umeshaipika. Utaonja?"

Nikafasiri, na safari hii sikuosha neno hata moja. Mpango wa Gaspard ulikuwa kwamba siku ya jaribio kule chini kusiwe na mtu, naye akae juu na nahodha akinywa kahawa. "Hapana," akasema nahodha. "Watu wangu watakaa juu. Wewe utakaa chini, peke yako, mchana kutwa. Onja tukuone."

"Safi sana," akasema chifu, neno lake la kwanza tangu supu.

Gaspard alikuwa ameiva kama nyanya. "Kwa furaha," akasema.

Nilimkimbilia Bakari na habari hizo. Alinishika mabega. "Kumbe kichwani zimo! Kule chini Bahari ya Shamu ni moto, ndugu yangu. Mwache akae na injini yake bila mtu wa kumpa hata maji. Akipanda juu ataandika habari nyingine." Tumaini letu lote lilikuwa hapo: aonje uchungu, abadili maneno, watu wabaki na kazi yao.

Siku ikafika. Gaspard akateremka na begi lake. Kwenye kila mlango wa kwenda chini alibandika karatasi ya wino mwekundu: asishuke mtu yeyote mpaka mimi nipande, la sivyo jaribio limeharibika. Chifu alipewa swichi ofisini kwake, aue jenereta moja wakati wowote apendao baada ya chakula cha mchana, bila kumwambia mtu, ili isisemekane kwamba kuna hila.

Chifu akaiua. Taa zikapepesa, zikarudi. Jenereta ya pili ikajiwasha yenyewe. Meli haikupunguza hata hatua. Juu, ofisini kwa chifu, kulikuwa na paneli nyingine kama ile ya chini: ilikuwa ya kijani kibichi kutoka mwanzo hadi mwisho, na karatasi yake ilitoka nyeupe pee. Hata nahodha ikabidi atikise kichwa kukubali. Nilimtazama Bakari, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wafanyakazi.

"Imefaulu?" akaniuliza.

"Imefaulu, mzee."

"Ndiyo basi tena," akasema, akajifuta uso kwa taulo.

Viyoyozi vilikuwa vimekatwa, na majiko pia. Tukangoja Gaspard abonyeze kile kitufe. Tukangoja. Mpishi, Mfilipino mwenye hasira za karibu, alitoka na sinia la kuku wabichi kutuonyesha. Watu walilowa jasho kama waliotoka mvuani. "Anaringa," akasema nahodha. "Anataka tumpigie makofi." Wakati wa kahawa ukafika, na Gaspard kahawa hakuwahi kuikosa hata siku moja. Chifu akaenda kutazama paneli, akarudi. "Kijani," akasema. "Hakuna tatizo."

Bakari akasimama. "Mimi naenda kumwangalia yule bwana."

"Mzee, wamekataza."

"Watanifanya nini? Watanifukuza kazi?"

Nikamfuata. Hatukufika hata kwenye ngazi. Tulipopita mlango wa lifti tulisikia kitu kinagonga, hafifu, na sauti ya mtu imekauka: "Bakari! Bakari!" Muda wote ule wa safari sikuwahi kumsikia Gaspard akilitaja jina hilo. Nilidhani halijui.

Lifti ilikuwa imekwama kati ya sakafu mbili, na lile shimo lake limepita ubavuni mwa bomba la moshi wa injini. Bakari alileta ufunguo na chuma, tukaupanua mlango, akajipenyeza kifua kizima ndani, akamshika mikono na kumvuta. Gaspard alitoka bila shati, bila soksi, hawezi kusimama, midomo imepasuka. Bakari akambeba mgongoni hadi kwenye upepo, akamlaza, akamlowesha kwa ile taulo yake, akamnywesha maji kidogo kidogo. Gaspard alimshika mkono, akakataa kuuachia. Nawaambia kweli, nilimwonea huruma sana, na wakati huo huo nilikuwa nimeuma midomo nisicheke.

Chifu ndiye aliyetueleza, kwa maneno machache. Kompyuta ilifanya vile vile ilivyofundishwa. Jenereta ilipokufa ilikata visivyo vya lazima, na Gaspard, aliyekuwa akipanda kuvuta hewa kidogo, alikuwa ndani ya kimoja. Alibonyeza kengele ya lifti mpaka kidole kikavimba. Lakini asubuhi ile, kabla ya kuonja, alikuwa amezima kengele zote za watu kwenye kompyuta, ili zisimchafulie karatasi.

"Tumepona," Bakari aliniambia baadaye. Nami niliamini hivyo. Nani angeamini vingine?

Kutoka Suezi

Mtaniuliza Marseille. Marseille hakuna kitu: mvua, polisi wa kuuliza maswali, hoteli yenye kitanda kifupi, kisha ndege hadi uwanja wetu wa Kanombe. Yaliyobaki yalitokea kabla hatujafunga gati.

Tulipopita mfereji Gaspard alikuwa kitandani. Bakari alimpelekea uji asubuhi na chai ya tangawizi mchana, mimi nikishika sinia. Gaspard alikuwa akisema merci kila mara, na Bakari aliniomba nimfundishe namna ya kujibu. Alianza kutembea kwa raha. Aliniambia akifika Tanga likizo ataezeka kile chumba cha mbele kwanza, vingine vitafuata. Wenzake walianza kuimba bafuni.

Tulipoikaribia Ulaya tukaitwa kwenye chumba cha kulia. Gaspard alikuwa amevaa soksi zake, zimepanda hadi magotini, kompyuta iko wazi mbele yake. Hakumtazama mtu. Akasoma: mfumo umefanya kazi kama ilivyokusudiwa, bila kosa lililorekodiwa. Nafasi tatu za oila si za lazima. Wahusika watashuka Marseille.

Akanigeukia nifasiri. Maneno ya kuosha yalikuwepo, mdomoni kabisa: watafikiriwa, wataitwa, kampuni inawashukuru. Nilimtazama Bakari, nikaona kwamba nikimpambia maneno huyu mzee leo, kesho atashuka Marseille anangojea kuitwa. Nikamwambia kama ilivyosomwa, neno kwa neno.

Wenzake wawili waliinuka, wakatoka. Bakari alibaki amekaa.

"Muulize swali moja," akasema. "Siku ile ndani ya lifti, alikuwa anamwita nani?"

Nikauliza. Gaspard alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwambie hilo la lifti nimeshalishughulikia. Nimependekeza kengele iunganishwe upya, na simu ifungwe ndani. Mtu akikwama, atapiga simu moja kwa moja kwenye chumba cha injini."

Nikafasiri.

"Simu," akasema Bakari.

"Ndiyo, mzee. Simu."

"Chumba cha injini."

"Ndiyo."

"Sasa muulize, na huko itapokewa na nani?"

Nilimfasiria Gaspard swali hilo kwa Kifaransa changu kizuri kuliko chote cha safari ile, polepole, ili asije akasema hakusikia. Alikuwa ameshaanza kufunga kompyuta. Aliiweka kwenye begi, akafunga mkanda, akatoka. Bakari akakaa pale pale, amenitazama mimi, anangoja nimfasirie jibu.